Nusu ya Somo la Kinywe

Darasa letu la jioni lina wanafunzi kumi na mmoja, na mimi, Valentini, fundi baiskeli wa Kilwa Kivinje, ndiye mkubwa wao kwa umri. Nina miaka hamsini na miwili. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Naima, ana ishirini na saba. Katika shule zote wanafunzi husimama wakamwamkia mwalimu, lakini kwetu palikuwa na tatizo: nani amwamkie nani? Siku ya kwanza tulisimama, tukatazamana, na kabla hatujafumbua mdomo yeye akasema, "Shikamooni." Tukaitikia marahaba, tukaketi, naye akageukia ubao akaanza kufundisha. Tangu siku ile utaratibu ni huo. Anatupa heshima ya umri, halafu sisi tunampa heshima ya chaki.

Tunajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule unaofanywa na watu ambao hawakupita sekondari. Mimi niliishia darasa la saba. Kila nikifungua daftari hufanya kwanza ishara ya msalaba, nikamwomba Mungu anifungue kichwa kama ninavyofungua nati iliyoshika kutu: polepole, kwa mafuta, bila kuivunja. Wenzangu wengi ni Waislamu, nao husema bismillahi. Basi darasa letu huanza kwa minong'ono.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi tulikuwa kwenye somo la kaboni. Mwalimu Naima alichora ubaoni picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kinywe, yale mawe meusi yanayochimbwa upande wa Ruangwa, ambayo ndiyo yaliyomo ndani ya penseli. Ya pili ilikuwa ya almasi. Akasema vyote viwili ni fuwele, yaani vitu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa mpango unaojirudia, kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi mzuri. Na chembe zenyewe ni zile zile, kaboni tupu, hakuna kilichozidi wala kupungua. Tofauti ni jinsi zinavyoshikana. Katika kinywe kila chembe imeshika majirani watatu, zote zimelala tabaka moja kama mkeka, na mkeka umewekwa juu ya mkeka, yote ikiteleza. Ndiyo maana penseli inaandika: vipande vya mikeka vinabaki kwenye karatasi. Katika almasi kila chembe imeshika wanne, juu, chini na pembeni, na hapo hakuna kinachoteleza.

Nikanyoosha mkono nikauliza kama kimoja kinaweza kugeuzwa kuwa kingine.

Swali hilo halimo kwenye mtihani, lakini Mwalimu Naima alilipenda. Alisema iko njia ya polepole, chini sana ardhini, na iko njia ya ghafla. Hiyo ya ghafla inaitwa mgandamizo wa mshtuko.

"Mwalimu," Alfani akadakia, "jiwe linashtuka vipi? Limeona askari wa doria?"

Darasa zima likacheka, kwa sababu habari za askari wa doria Alfani anazijua kuliko sisi wote. Zamani alikuwa akivua kwa baruti, mpaka siku moja ikamlipukia kabla hajairusha, na mkono wake wa kushoto sasa unaishia kwenye kifundo. Siku hizi anakaanga pweza sokoni, na wa kwanza kuufanyia mzaha mkono ule ni yeye mwenyewe. Mwalimu alicheka pia. Kisha akaeleza kwamba mshtuko huu si woga. Ni wimbi linalopita ndani ya jiwe kwa kasi kuliko sauti, linalotoka kwenye mlipuko au kwenye kitu kilichogonga kwa mwendo usio wa kawaida. Alituambia tufikirie malori kumi ya jasi, yamejaa, yote yamekalia ukucha mmoja. Na muda wenyewe? Gawanya kupepesa jicho mara laki moja, uchukue fungu moja.

"Katika muda huo chembe hazina nafasi ya kusafiri," alisema. "Kila moja inasogea kidogo tu. Inamwachia jirani huyu, inamshika yule. Na kinywe kinakuwa almasi."

Mwili ulinisisimka. Niliandika maneno hayo mara mbili: chembe haziendi mbali, zinabadili tu wa kushikana naye. Niliyaona ni maneno ya kanisani yaliyopotea njia yakaingia darasani.

Hapo nikatazama dirishani nikaona jua limeshuka. Mwezi wa kumi ni mwezi wa rozari, na sisi Wakatoliki wachache wa Kivinje hukutana kila jioni nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja. Siku ile ilikuwa zamu ya nyumba yangu, saa kumi na mbili kamili. Nikaomba ruhusa.

"Baba Valentini," Mwalimu Naima akasema, "hapa ni nusu. Nusu iliyobaki ndiyo yenye kazi."

Nikamwambia nitanakili kwa Alfani. Daftari la Alfani nililiona kesho yake. Lilikuwa na tarehe, kichwa cha habari, na picha nzuri sana ya pweza.

Nyumbani nilikuta watu kama kumi na watano wameketi mkekani, na miongoni mwao mpwa wangu Cletus na mkewe Debora, waliokuja kutoka Mitole kutuletea mihogo. Cletus ni mtoto wa marehemu dada yangu Maria. Sisi ni Wamakonde, wazee wetu walishuka kutoka Newala, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Kaka wa mama, ambaye tunamwita njomba, ndiye mwenye neno la mwisho. Ndiye anayepeleka posa, ndiye anayesimama mbele msibani, ndiye anayetuma na kukataza. Njomba akisema jambo, mpwa halipimi. Analibeba.

Mwezi wa nne mwaka ule Cletus na Debora walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza. Alikuwa na miezi saba. Aliugua homa siku mbili tu. Nilisimama mbele kwenye mazishi kama ilivyo desturi, nikasema maneno ambayo siyakumbuki.

Baada ya rozari mwenye nyumba hutoa tafakari fupi. Yangu haikuwa fupi. Nilisimulia habari ya kinywe na almasi, mikeka inayoteleza, malori kumi juu ya ukucha. Kisha nikasema kwamba Mungu naye anafanya kazi hivyo: hatupigi ili atuvunje, anatupiga ili atupange upya, na kila aliyepigwa anatoka almasi. Watu waliitikia amina kwa nguvu. Nilisema vile nikiwafikiria Cletus na Debora, nikidhani ninawapa dawa. Debora alikuwa ameketi karibu na mlango, ametazama vidole vyake.

Watu walipoondoka Cletus alinifuata uani. Aliniuliza kama kinywe nilichokitaja ndicho hicho cha Ruangwa. Nikasema ndicho. Akauliza kama baruti inaweza kuleta mshtuko wa namna ile. Nikajibu kwamba mwalimu alitaja mlipuko. Sikujiuliza kwa nini anauliza. Nilichosikia ni kwamba kijana wa miaka thelathini ananiuliza mimi, fundi baiskeli, maswali ya sayansi, na moyo wangu ukavimba.

Zikapita siku kumi. Ijumaa nilifika darasani mapema, nikamkuta Alfani ananisubiri nje peke yake. Hakuwa na mzaha.

Aliniambia mpwa wangu, yule mpakia jasi wa Mitole, alikuja kwake sokoni juma lile kutafuta baruti. Alfani alimwonyesha kifundo cha mkono, akamfukuza. Lakini asubuhi ile alisikia kwa wenzake wa zamani wa uvuvi wa baruti kwamba kijana amepata kwingine, na kwamba amesema si ya samaki.

"Anasema anatengeneza almasi," Alfani alisema. "Nikamuuliza nani kakudanganya? Akanijibu kwa heshima kabisa, njomba wangu amesoma."

Nilishika ukuta wa darasa, nikasema moyoni, Bwana, nimefanya nini.

Tukaingia kwa Mwalimu Naima. Nilimweleza yote kwa aibu, maana kosa lenyewe lilitoka kinywani mwangu na si kwa mtu mwingine. Yeye hakunilaumu. Aliweka chaki mezani, akavuta kiti, akanipa nusu ya pili ya somo pale pale.

Almasi inayopatikana kwa mshtuko, alisema, ni vumbi. Ni punje za kijivu ambazo jicho halizioni moja moja, watu huzitumia kusugulia na kukatia vyuma. Na hata hilo vumbi hufanywa na wataalamu, ndani ya vyuma vizito vilivyofungwa, wao wakiwa mbali. Mlipuko wa shimoni hautafikia mgandamizo ule. Utalitawanya jiwe na aliye karibu nalo, basi. Tena wimbi likipita huacha joto kali, na kama jiwe halikupozwa haraka, joto hilo huirudisha almasi kuwa kinywe. Akaendelea kusema kwamba fuwele nyingi zikipigwa hazigeuki kitu cha thamani. Nyingi hupasuka. Na ziko zinazobadilika wakati wa kipigo tu. Chumvi, kwa mfano, chumvi hii hii tunayoivuna Kilwa, ikibanwa vile chembe zake hujipanga kwa namna nyingine, na mzigo ukiondoka hurudi zilivyokuwa.

Niliandika kila neno.

Simu ya Cletus haikupatikana. Nikampigia Debora. Alisema mumewe yuko shambani, na kwamba kesho asubuhi ana kazi kwenye shimo la zamani la jasi. Alikuwa amenunua kwa dereva wa lori kiroba kimoja cha mawe meusi. Debora alipomuuliza ni ya nini, Cletus alimjibu kwamba njomba anajua. Nilimwambia Debora asimruhusu kutoka. Akasema tangu mwezi wa nne hamruhusu wala hamkatazi, wanaishi tu.

Kulipopambazuka Jumamosi, mimi na Alfani tulipanda bodaboda moja kwenda Mitole. Njia nzima nilisali rozari bila shanga, nikihesabu kwa vidole, na kila kumi nilitia nia moja: mikono yake, Bwana. Macho yake. Uhai wake. Alfani nyuma yangu alikuwa akisoma zake kwa Kiarabu. Dereva alituuliza kama tunakwenda mazikoni. Tulimwambia aongeze mwendo.

Shimo lile liliachwa miaka mingi. Kuta zake ni nyeupe, na chini majani yameanza kuota. Cletus alikuwa chini huko, ameketi juu ya kiroba chake, na hatua chache mbele yake palikuwa na kopo la rangi lenye kifuniko. Alfani alinishika bega kwa mkono wake mzima.

"Simama hapa hapa," alisema. "Usimkimbilie. Mwite."

Nikamwita. Cletus aliinuka aliponiona, akaniamkia kutoka kule chini, shikamoo njomba, kana kwamba tumekutana sokoni. Nikaitikia marahaba, maana nisingeweza kuacha. Kisha nikamwamuru atoke shimoni aje juu.

Akasema hapana.

Katika miaka yake thelathini alikuwa hajapata kuniambia neno hilo. Sauti yake ilikuwa tulivu. Aliniomba nirudi nyuma pamoja na mwenzangu, asije akatuumiza. Alisema yeye hakosi adabu, ila neno analolifuata ni langu mwenyewe, na haoni vipi njomba alitamke mbele ya watu kisha aje alikataze porini.

Nikatoa daftari. Nilisimama ukingoni nikamsomea kwa sauti nusu ya pili, vumbi la kijivu, vyuma vilivyofungwa, joto linaloirudisha almasi kuwa kinywe. Nilisoma kama shemasi. Nilimwambia hata akifaulu hatapata kitu cha kuuza.

"Nani amesema nauza?" Cletus aliuliza.

Alfani alinitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba ni tamaa. Bega lake la kulia lina sugu ya mawe ya jasi. Nilidhani amechoka kubeba.

"Njomba, ulisema aliyepigwa anageuka," akasema. "Sisi tumepigwa. Mimi najitazama kila asubuhi, namtazama Debora, sioni kilichogeuka. Ndani mwetu mna weusi ule ule. Nikasema labda mimi ndiye nisiyeona. Basi nilione kwenye jiwe. Nikiliona kwenye jiwe, hata punje moja, nitaamini na yale mengine."

Nilifungua mdomo nimwamuru tena, na neno likafia njiani. Nikaelewa kwamba amri yangu ndiyo iliyomfikisha pale. Nikiongeza nyingine, hata ikiwa njema, nitakuwa nimemwekea jiwe juu ya jiwe.

Kwetu njomba haombi radhi kwa mpwa. Sijawahi kuona, wala baba zangu hawakuniambia kwamba waliona. Nikavua kofia. Nikapiga magoti ukingoni mwa lile shimo, vumbi la jasi likanijaa suruali, na Alfani akageuza uso pembeni kwa heshima.

"Cletus, mwanangu, nilikudanganya," nikasema. "Sikukusudia, lakini nilikudanganya. Jioni ile niliondoka darasani somo likiwa nusu, nikaja kuwahubiria nusu hiyo kama nzima. Nilitaka watu waone nimesoma. Sijui kwa nini mtoto alikufa. Sijui kama kuna kitu kinachogeuka. Nisamehe. Toka humo, tafadhali. Siyo kwa amri. Ninakuomba."

Cletus alikuwa amesimama, mikono imening'inia, ananitazama kama mtu aliyesikia sauti asiyoifahamu ikitoka mahali anapopafahamu. Nilisikia ndege. Nilisikia pumzi ya Alfani.

"Na mimi ni shahidi," Alfani akasema kwa sauti. "Aliniomba daftari langu. Lina pweza tu."

Cletus akatoa kicheko kimoja kifupi, kikamtoka kwa nguvu kama kikohozi, na baada yake akaanza kulia. Alfani hakumwacha alie pale. Alimwelekeza kwa upole asiguse kopo, asiguse kiroba, apite upande wa majani, apande taratibu. Cletus akapanda. Alipofika juu alinikuta bado nimepiga magoti, sijui kama niinuke au nibaki. Akaninyanyua kwa kunishika kwapani, kama wanavyonyanyuliwa wazee. Nilimshika mikono yake miwili nikaibusu, mmoja, kisha mwingine. Akaona haya. Akasema, njomba, watu.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, mama mmoja anayeitwa Devota. Cletus alijieleza mwenyewe, hakuficha jina la aliyempa. Mama Devota alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia maneno machache makali aliyostahili, akapiga simu polisi. Askari walikuja alasiri na mtu anayejua kazi ile, wakalizungushia shimo kamba, wakalichukua kopo. Mmoja wao alifungua kiroba, akaingiza mkono, akautoa mweusi. Aliuliza hiki nacho ni kosa gani. Mkubwa wake akasema jiwe halina kosa, liache.

Walikwenda na Cletus. Nilikuwa nimeliogopa jambo hilo, lakini alikwenda kwa miguu yake, mzima. Siku ya tatu walimwachia kwa dhamana, na mdhamini ni mimi. Kesi ipo. Tunaambiwa kwamba kujisalimisha mwenyewe kutamsaidia, na mimi ninalisali hilo kila asubuhi kabla sijafungua banda la baiskeli.

Mke wangu Fortunata ndiye aliyemsimulia Debora habari za shimoni, neno kwa neno, wakiwa jikoni kwetu siku tulipomsubiri Cletus atoke. Aliniambia baadaye kwamba Debora alisikiliza, akachukua ufagio akafagia uwanja wote, mpaka barabarani, mahali ambapo hakuna mtu anayefagia. Kisha akauliza, "Alipiga magoti kweli?" Fortunata akamwonyesha suruali yangu kambani, yenye vumbi la jasi lililokataa kutoka.

Tarehe thelathini na moja tulifunga mwezi wa rozari. Niliomba jumuiya ije tena kwangu, ingawa haikuwa zamu yangu, na Mzee Benedicto, mwenyekiti wetu, akakubali baada ya kunitazama usoni. Cletus na Debora walikuja. Kabla ya fungu la mwisho la rozari nikaomba ruhusa niseme jambo.

Nikawaambia kwamba tafakari yangu ya siku ile ilikuwa nusu ya somo. Nikawapa nusu iliyobaki: kwamba fuwele nyingi zikipigwa zinavunjika. Kwamba kinywe chenyewe kisipopozwa kinarudi kilivyokuwa. Kwamba chumvi hujipanga upya wakati wa kubanwa, na ikiachiwa inarudi chumvi, wala haikukosa kitu kwa kurudi hivyo. Kwamba niliyosema kuhusu kila aliyepigwa sikuyapata kwa mwalimu wala kwa padri. Niliyatunga mwenyewe, kwa furaha ya kujua kitu kipya.

Mzee Benedicto alijikuna kidevu. Yeye si mtu wa kukuacha upite kirahisi.

"Sasa, Valentini," akasema, "Mungu yuko wapi kwenye hiyo nusu ya pili?"

Nilikuwa nimelitegemea swali hilo. Siku tatu nilikuwa nimelitafutia jibu, nikaandika mawili au matatu mazuri nyuma ya daftari la sayansi. Nikayatazama. Nikalifunga daftari.

"Sijui, mzee," nikasema. "Ninasali. Lakini sijui."

Nilidhani watu watasikitika. Mzee Benedicto alitikisa kichwa polepole, na sikujua ni kwa kukubali au kwa kunihurumia. Ndipo sauti ikatoka upande wa mlangoni.

"Afadhali, njomba," Debora akasema. "Lile la almasi lilinishinda kusali nalo. Hili naweza."

Hakungoja kuambiwa. Akalianzisha fungu la mwisho yeye mwenyewe, Salamu Maria ya kwanza, kwa sauti iliyokwaruza kidogo kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu. Wengine tulichelewa kuitikia, kwa kuwa tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemsikia akisali kwa sauti. Cletus ndiye aliyeitikia wa kwanza. Kisha sisi sote.